Karata za Labda na Kiti cha Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 7 Julai

Sijamwambia mtu hili. Si mama, si rafiki yangu wa shule, si hata mto wangu. Ijumaa iliyopita walikuja walinzi kumi na wawili wapimwe sare, na sikumpima hata mmoja.

Vipimo niliandika. Kifua, kiuno, nyonga, mkono, urefu wa suruali. Namba sitini, zote za kichwani. Shangazi alikuwa ametoka kununua vitambaa na binamu yangu alikuwa nje anapiga soga. Mlinzi wa kwanza akainua mikono, akasubiri. Sasa, kumpima mtu kiuno lazima umkumbatie kidogo. Sikuweza! Nikasimama hatua mbili nyuma, nikanyoosha futi hewani kama anayepima ng'ombe mwenye mateke, nikafumba jicho moja, nikaandika 84. Akauliza kama hiyo ndiyo njia ya kisasa. Nikaitikia kwa kichwa.

Nina miezi miwili tangu nimalize shule. Shangazi ana chumba cha ushonaji, akanichukua, akaniweka kaunta. Kaunta! Mimi ambaye hapa kazini wananiita Kimya. Binamu yangu wanamwita Redio, naye ndiye anayefaa kaunta, ila naye haitaki.

Sote wawili tunataka kiti kimoja. Kiko nyuma ya pazia, kwenye cherehani ya kutoboa tundu za vifungo. Mama mmoja aliyekuwa anakikalia amehamia kwa mwanawe. Nyuma ya pazia hakuna mteja. Hakuna kiuno cha mtu. Redio anakitaka kwa sababu dirisha lake linatazama kwa vinyozi. Si vinyozi wote. Kinyozi mmoja.

Tumebishana mpaka Shangazi akatema pini alizokuwa ameng'ata. Akasema amechoshwa na kelele za mmoja na mnuno wa mwingine. Basi tutacheza poka. Umeme hukatwa kila siku saa nane hadi saa kumi, cherehani zikalala, na hapo ndipo watu wa humu hucheza karata kwa vifungo. Kila mmoja atapewa vifungo mia. Ijumaa saa kumi, kati yangu na Redio, mwenye vingi anachagua kiti. Mwingine anasimama kaunta mwaka mzima, kuanzia Jumamosi asubuhi.

Jumamosi saa nne asubuhi wale walinzi wanakuja kuchukua sare.

Lazima nishinde.

Jumanne, 8 Julai

Mezani tuko wanne. Shangazi, Redio, mimi, na Mpiga Pasi, mzee ambaye amenyoosha nguo za watu miaka thelathini na uso wake mwenyewe hauna mkunjo hata mmoja. Nashuku.

Mchezo nilikuwa naujua juu juu. Kila mmoja anaweka kifungo kimoja cha kuanzia, unapewa karata mbili za siri, halafu karata tano zinawekwa mezani za wote, na kila hatua mtu anaweza kupandisha dau. Ukipandishiwa, ama unafuata ama unatupa karata zako. Basi. Shida ni kujua lini ufuate.

Mpiga Pasi alinivuta pembeni asubuhi. Akasema karata nzuri kama ree mbili hazina ushauri, mtu yeyote anazijua. Kinachomaliza watu ni karata za labda. Jozi ndogo, tuseme tano mbili. Au saba na nane za kopa, zinazofuatana na za alama moja. Zenyewe si kitu. Labda meza itazijaza, labda haitazijaza, na mara nyingi haitazijaza. Kwa hiyo, mtu akipandisha dau nawe una karata za labda, usijiulize kama utapata. Jiulize ukipata utalipwa na nani. Kwa jozi ndogo, aliyepandisha awe na akiba mara kumi na tano ya dau lake. Kwa zinazofuatana, mara ishirini na tano. Na ufurahi zaidi kama wengine nao wamefuata. Akasema, "Usitupe ndoano kwenye ndoo, mjukuu wangu. Tazama kwanza kama bwawa lina samaki."

Nilimshukuru. Kisha nikawaza. Mtu hafundishi bure. Anapata nini?

Sheria yake lakini nimeipenda. Ina hesabu. Nilichukua chaki ya fundi nikaamua kila nikiwa na karata za labda nitaandika hesabu yangu ukingoni mwa meza, nisikosee kwa woga. Karata nzuri hazihitaji hesabu, basi hizo sitaandika.

Saa nane na nusu, Redio akapandisha vinne. Mimi nina tano mbili! Nikachukua chaki. Nne mara kumi na tano, sitini. Redio ana zaidi ya tisini. Nikafuata, Mpiga Pasi naye akafuata. Karata tatu za kwanza zikafunguliwa mezani, na moja ilikuwa tano. Sasa nina tano tatu! Moyo ulipiga kama cherehani ya miguu. Nikaweka vifungo kumi kwa utulivu mkubwa. Wote wakatupa karata. Wote! Redio akasema hapana dada, hiyo tano sitaki ugomvi nayo.

Amejuaje kuwa ni tano?

Nimepata vifungo kumi na kimoja tu. Mtu mwenye tano tatu alipaswa kupata hamsini. Redio alikohoa kabla ya kutupa. Nimeandika: akikohoa, anajua.

Jumatano, 9 Julai

Siku mbaya. Nina vifungo hamsini na viwili.

Niliandikiwa karata za labda leo kama dawa, kutwa mara nane. Sita na saba za uru. Nane na tisa za pau. Kila mara Redio anapandisha vitano. Hesabu yangu: tano mara ishirini na tano, mia na ishirini na tano. Je, Redio anavyo? Ukitaka kujua akiba ya mtu unamuuliza tu, "Una vingapi?" Ndiyo desturi ya meza. Lakini kuuliza ni kusema, na wote wanageuka kukutazama. Nikakadiria kwa macho. Rundo la Redio lilikuwa refu kama kikombe. Nikasema moyoni, mia na thelathini. Nikafuata. Nikafuata tena. Mara saba meza haikunipa kitu. Mara ya nane ikanipa mfuatano kamili, nane hadi malkia, nikaweka dau, na wote wakakimbia kama walioambiwa kuna moto. Shangazi alikuwa anatarizi majina ya walinzi kwenye mashati, kila shati na jina lake kifuani. Hata yeye aliweka sindano chini, akanitazama, akatazama meza, akatupa.

Saa kumi tukahesabu. Redio ana themanini na nane, na hivyo ni pamoja na vyangu!

Nimechunguza. Vifungo vya Redio ni vya koti, vile vyenye kijiguu nyuma. Havilali. Ukivirundika vinasimama kama watu kwenye foleni. Vyangu ni vya shati, vimelala bapa. Nani aligawa vifungo? Shangazi. Shangazi ni dada wa baba yangu, lakini Redio ni mtoto wake wa kuzaa. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo ndizo tunazoshona.

Alhamisi, 10 Julai

Leo nimeamka na akili. Walijuaje karata zangu? Kuna njia tatu tu. Kioo, alama, au ishara.

Kioo: kile kirefu cha wateja kiko nyuma yangu. Nimekifunika kwa kitambaa cha bitana kabla ya saa nane. Mteja mmoja aliyetaka kujiona na koti lake amejitazama kwenye bitana, kisha akaondoka bila neno.

Alama: nimekagua karata zote chooni. Malkia wa pau ana tundu la pini! Nikaendelea. Mfalme wa uru ana tundu la pini. Mbili ya kopa nayo. Zote hamsini na mbili zina matundu, kwa sababu zinakaa kwenye kopo la pini. Wajanja sana. Wameficha alama moja kwa kuweka alama zote.

Ishara: Redio alikohoa mara kumi na nne. Mpiga Pasi alijikuna sikio mara tatu. Shangazi alipiga chafya. Nimeandika saa zake zote kwenye mkono wa shati langu.

Halafu ikaja. Ree mbili! Karata bora kuliko zote. Sikugusa chaki, maana hapa hakuna hesabu. Nikapandisha vitano, mkono umetulia kabisa. Redio akanitazama mikono, akacheka, akatupa. Mpiga Pasi akatupa. Shangazi akasema mtoto leo hana sababu ya kuandika, akatupa. Ree mbili, vifungo vitatu! Hata bei ya chai haifiki.

Baada ya saa kumi Mpiga Pasi akaniita tena kwenye meza yake. Pasi ilikuwa inapata moto. Akasema kwa upole, bila kunitazama, kwamba anasikitika kuona mtoto anaungua wakati pasi imezimwa. Akasema eti kila nikiwa na karata za labda naandika hesabu mbele ya watu, na kila nikiwa na karata nzuri siandiki. "Mjukuu wangu, wewe unatupigia kengele. Karata za labda zinalipa pale tu mwenzako asipojua kuwa unazo. Ukishazitangaza, bwawa halina tena samaki. Wamehama."

Nilimsikiliza kwa heshima zote. Usiku mzima sitalala. Kwa nini anataka niache hesabu? Jumanne kanifundisha hesabu, Alhamisi anataka niiache. Na jana nilimwona kwa macho yangu akimnyooshea Redio kilemba. Bure!

Nimepata njia. Kesho nitaandikia chaki nyeupe kwenye kitambaa cheupe.

Ijumaa, 11 Julai

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Nilitandika kitambaa cheupe mbele yangu. Chaki nyeupe. Hakuna anayeweza kusoma. (Hata mimi sikuweza, lakini hesabu nilikuwa nazikumbuka.) Vumbi la chaki liliruka kidogo kila nilipoandika, na Redio akakohoa. Nimeliandika hilo pia.

Saa tisa hivi, Shangazi alipandisha vinne. Nina tisa na kumi za shupaza. Nikaandika. Shangazi hakuniona, alikuwa ameinamia sindano, anatunga uzi, ulimi nje. Nikafuata. Mezani zikaja shupaza mbili, kisha ya tatu. Nina tano za alama moja! Shangazi akaweka kumi, bado anatafuta tundu la sindano. Nikamwongezea. Akafuata tu, akisema huyu Kimya ana nini leo. Nilipofungua karata aliuliza tangu lini nilikuwa na shupaza. Yeye peke yake mezani alishangaa. Wale wengine wawili walikuwa wametupa zamani. Sielewi kwa nini Shangazi alilipa na wenzake hawakulipa. Lazima walitofautiana kwenye mpango wao.

Mgao uliofuata, Mpiga Pasi akamnyang'anya Redio vifungo karibu hamsini kwa mkono mmoja wa karata. Danganya toto. Walitaka nisiwashuku.

Saa kumi kasoro dakika tano, mkono wa mwisho wa juma. Shangazi akatuhesabia. Mimi sabini na nne. Redio sitini na moja. Naongoza! Nilishaona pazia. Nilishasikia ile cherehani ikitoboa tundu, tak-tak-tak, na sauti za walinzi mbali kabisa, zikimwuliza mtu mwingine.

Nikapewa sita na saba za shupaza.

Redio akapandisha vifungo ishirini.

Nikaandika. Ishirini mara ishirini na tano. Mia tano. Meza nzima ina vifungo mia nne. Sheria inasema tupa. Mpiga Pasi kanitazama, kanikazia macho, ametikisa kichwa kidogo sana, hapana, hapana. Nikitupa, napoteza kifungo kimoja tu cha kuanzia, nashinda, nakaa nyuma ya pazia.

Lakini subiri. Kwa nini Redio apandishe ishirini sasa hivi? Na kwa nini mzee anatikisa kichwa? Wanataka nitupe! Wote wanataka nitupe. Mtu hatakiwi kufanya kile ambacho wote wanataka akifanye.

Nikafuata.

Mezani: tano, nane, mfalme. Nahitaji nne au tisa nipate mfuatano. Redio akasukuma vyote vilivyobaki. Nilishalipa nauli nusu ya safari, nishukie njiani? Nikafuata. Ikaja mbili. Ikaja malkia.

Redio alikuwa na kumi mbili tu. Akapiga yowe ambalo kinyozi alilisikia, maana alitokea dirishani na wembe mkononi.

Nimebaki na vifungo kumi na vitatu. Umeme ukarudi. Shangazi akanipa futi, akanivisha shingoni kama nishani. Akasema kesho saa nne nisichelewe.

Jumamosi, 12 Julai

Saa nne kamili walifika. Kumi na wawili, wamejipanga kwa mstari, maana ni walinzi.

Wa kwanza akaingia kubadilisha. Akatoka na suruali inayoishia katikati ya muundi. Wa pili, mikono ya shati ilimeza vidole vyake vyote. Wa tatu hakutoka. Alituma sauti kutoka nyuma ya mlango kwamba kifungo cha kiuno kimeruka na kugonga ukuta, tafadhali mtu akitafute. Shangazi akinyamaza, hata pasi inapoa. Nilitazama sakafu. Nilihesabu misumari ya ubao mmoja. Ipo tisa.

Kisha mkuu wa walinzi, baba mmoja mpana kama kabati la milango miwili, akaamuru wabadilishane. Chumba kizima kikawa soko. Suruali zinaruka juu ya vichwa. Wewe mrefu, chukua hii! Nani ana mikono mifupi? Baada ya nusu saa, jambo la ajabu. Karibu kila mmoja alikuwa amepata nguo inayomkaa. Vipimo vyangu vilikuwa sahihi kabisa! Ila vilikuwa vya watu wengine.

Akabaki mkuu peke yake. Kwake nilikuwa nimeandika kiuno 90. Hakuna suruali hata moja iliyopita magoti yake. Shangazi akasoma kile kijidaftari cha vipimo kutoka juu hadi chini, akakifunga, akasema neno moja. Mpime.

Mbele ya watu kumi na mmoja! Nikaenda. Nikazungusha futi. Mikono yangu haikukutana. Nilibaki nimemshika yule baba kama mtu aliyepanda mti akaogopa kushuka. Watu wakaanza kucheka. Yeye hakucheka. Alishika ncha ya futi mwenyewe, akaipitisha mgongoni, akanikabidhi upande wa pili. "Shika hapa, mwanangu. Mimi si jiko la moto." Mia na kumi na nane. Niliandika. Akasema ahsante. Hakuna kilichotokea. Sikufa.

Lakini mashati! Majina yametariziwa kifuani, na sasa kila mlinzi amevaa jina la mwenzake. Mkuu akasema hawezi kuita mtu na kuitikiwa na mwingine. Kwa hiyo majina kumi na mawili lazima yafumuliwe, uzi kwa uzi, yatariziwe upya kabla ya Jumanne. Na mwenye kazi ya kufumua ni nani? Anayekaa nyuma ya pazia.

Redio ameinama kwenye mashati tangu saa sita. Hajatazama dirishani hata mara moja. Jioni alitoka macho mekundu, akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikujua kuwa anayo, kwamba sasa ameelewa. Eti nilijua. Eti hakuna mtu mwenye akili anayefuata vifungo ishirini akiwa na karata sita na saba tu wakati anaongoza, isipokuwa aliyetaka kushindwa.

Nimefikiri sana juu ya hilo. Kama ningetupa karata, sasa hivi ningekuwa mimi ninayefumua. Kwa hiyo kufuata ilikuwa sahihi.

Jumatatu, 14 Julai

Redio kaja asubuhi kabla Shangazi hajafungua dirisha. Amefumua majina saba, vidole vimejaa plasta. Akasema, mdogo wangu, chukua kiti. Chukua bure, leo hii, mimi nirudi kaunta nikaongee na binadamu. Kinyozi mwenyewe kumbe ana mchumba. Akaniwekea na mto wake wa kukalia juu.

Kiti cha nyuma ya pazia! Bure! Nilichokililia wiki nzima!

Nikamtazama. Mtu hakupi kiti bure, na mto juu. Kuna kitu. Nikamwambia sikitaki cha kupewa, nitakishinda mezani kama watu wengine. Mpiga Pasi alikuwa anapita na ndoo ya maji, akasimama, akaitua ndoo, akakaa juu ya sanduku la vitambaa kwa muda mrefu.

Saa nane tukacheza, mkono mmoja tu. Redio akapandisha bila hata kutazama karata zake, nahisi alitaka nishinde, na hilo ndilo lililonitia shaka zaidi. Nilikuwa na wafalme wawili. Nzuri mno. Nani kanigawia? Nikazitupa.

Kwa hiyo niko kaunta. Si neno. Mtego nimeuruka.

Kesho saa tatu wanakuja wauguzi kumi na wanane kupimwa magauni ya kazi. Nimeshachora mstari wa chaki sakafuni, hatua mbili kutoka mahali watakaposimama. Jicho langu ni zuri, walinzi wamethibitisha. Kila nguo ina mtu wake duniani, ni suala la wao kutafutana tu.

Na wewe unayesoma hapa. Kwanza, nani kakupa daftari langu? Pili, kama alikohoa alipokupa, niambie. Tatu, nakuomba sana, habari ya ule mstari wa chaki ibaki kati yetu wawili. Usimwambie Shangazi.